Selfi na Marehemu

Mimi sikusoma sana, na sisemi hivyo kwa aibu. Niliacha shule darasa la sita, nikashuka shimoni kwenye machimbo ya Osiri na kamba kiunoni na tochi kichwani, na siku nilipotoka shimoni kabisa nilikuwa na mashine yangu mwenyewe ya kusaga mawe ya dhahabu. Leo ukifika Homa Bay, mwambie mtu wa bodaboda akupeleke kwenye hosteli ya wanafunzi yenye paa la bluu na maji yasiyokatika. Hatakuuliza ni ya nani. Atakuambia panda. Ramani ya ile nyumba niliichora mwenyewe kwa kijiti kwenye mchanga, na injinia aliyekuja kuikagua alibadilisha ngazi tu.

Binti yangu wa kwanza ndiye aliyesoma kwa niaba yetu sote. Nilimpa jina la mama yangu, kwa hiyo mimi humwita Mama, na kusema kweli ananigombeza vilevile. Ni muuguzi. Kazi yake ni pale pale kampasi, hatua chache kutoka hosteli yangu, kwenye kliniki ya wanafunzi. Usifikirie kliniki kubwa. Ni chumba kimoja karibu na geti, kitanda nyuma ya pazia, darubini ya kuangalia vijidudu, kabati la dawa, na benchi nje.

Benchi hilo ndilo lililoleta maneno. Siku moja nilipita kumwona, nikamkuta amekaa juu yake peke yake, mikono mapajani.

"Mama, mbona umekaa kama mtu anayengoja gari?"

"Baba, wanataka kuifunga."

Akanieleza. Mkuu wa huduma za afya wa chuo, ambaye ofisi yake iko kampasi kuu, mbali na hapa, alikuwa amechoka kusikia kwamba kliniki ya Homa Bay haina watu. Alimpa binti yangu kazi ya kuwavuta wanafunzi kwa mtandao. Ukurasa ulifunguliwa, na kila wiki alitumiwa ujumbe wa kubandika. Wanafunzi hawakuja. Sasa mkuu alikuwa amesema atafika mwenyewe Jumatatu ya wiki iliyofuata, na akikuta benchi tupu, chumba kitapewa mashine ya photocopy na binti yangu atatafuta kazi kwingine.

"Na si kwamba hawaumwi," akasema. "Wanaogelea ziwani kila wikendi. Kichocho kinawala, wanaona damu chooni, wananyamaza. Wengine hawalali kwa mawazo. Wako na simu mkononi mchana kutwa, na mimi niko ndani ya hiyo simu, na hawanioni."

"Nionyeshe huo ukurasa."

Akanionyesha. Kiingereza kirefu kama majina ya wana wa Israeli. Juu yake picha ya vijana wa Kizungu wenye meno meupe wakimchekea daktari. Chini yake mioyo miwili, mmoja wa mke wangu na mwingine wa binti yangu mwenyewe.

"Hawa wanacheka nini?"

"Ni picha tu, Baba. Inatumwa hivyo kutoka juu, naambiwa niibandike ilivyo."

"Mgonjwa gani anacheka namna hiyo? Mwanafunzi akiona hii anajua ni ya watu wengine."

Nikamwambia dawa yake ni rahisi. Watu husoma maneno ya mtu wanayemjua. Mimi nikituma neno kwenye grupu la wapangaji wangu kwamba tangi linasafishwa, jengo zima linasoma kabla sijaweka simu mfukoni. Hapa mjini ni uso gani unaojulikana kuliko wangu? Weka uso wangu.

Binti yangu akacheka. Mimi sikucheka.

Kule Migori, karibu na soko, kuna bwana mmoja mwenye duka la kuchapisha. Huyo hana mpinzani. Amefanya kazi za harusi, za wagombea, za makanisa, na zaidi ya zote amefanya kazi za mazishi, kwa sababu sisi watu wa huku tunazika mtu wetu vizuri, na picha ya marehemu lazima ipendeze. Nilimwendea na suti yangu ya kijivu na tai. Nilipoanza kutabasamu mbele ya kamera akaniinulia mkono.

"Jaduong'," akasema, ndiyo kusema mzee wangu, "ukicheka unapoteza uzito. Tulia. Angalia mbali kidogo."

Nikaangalia mbali. Akaniondolea ukuta nyuma yangu, akaweka anga la bluu na mawingu, na miale ya mwanga ikitokea begani. Pembeni akazungusha utepe wa zambarau. Chini, kila kona, maua meupe. Nilimwambia picha iwe kubwa, kwa hiyo maneno yakabaki madogo chini kabisa, baina ya maua: usingoje mpaka iwe mbaya, fika kliniki ya kampasi karibu na geti, kupimwa ni bure. Ilikuwa kazi safi. Tangu nizaliwe sijapigwa picha nzuri kama ile, na nitasema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Bango lile lilinifikia kwenye simu siku ya Ijumaa, nikiwa kisiwani Rusinga. Kanisa letu lilikuwa na mkutano wa Sabato huko, karibu na nyumbani kwa wazazi wa mke wangu. Nikamtumia binti yangu kwanza. Akapiga simu hapo hapo.

"Baba, hii ni ya matanga."

"Hii ni ya heshima."

"Baba, kuna maua."

"Kwani mtu mzima hawezi kuwekewa maua?"

"Kuna mawingu, Baba. Uko mawinguni. Tafadhali usitume. Nipe mpaka kesho niitengeneze."

Nikamwambia sawa, sawa. Lakini wasomi wana ugonjwa wa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika, na jua lilikuwa linashuka. Sisi Waadventista simu huzimwa Ijumaa jua likizama, na huwashwa Jumamosi jua likizama tena. Jumatatu ilikuwa karibu. Kwa hiyo nikaketi kwenye jiwe, nikatuma lile bango kwenye grupu la wapangaji, la watu wa mashine Osiri, la ukoo, la kwaya, na la wafanyabiashara wa Migori. Sikuandika neno lolote pamoja nalo, muda ulikuwa umekwisha. Nikazima simu, nikaenda kulala kwenye vyumba vya wageni vya kanisa, maana kwetu mkwe halali nyumbani kwa wazazi wa mkewe. Nilipata usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Sasa, kwa mgeni asiyejua mambo ya huku: picha ya mwanamume mwenye suti, asiyecheka, aliyezungukwa na mawingu na maua, ikiingia kwenye grupu Ijumaa jioni bila neno lolote, hakuna anayeikuza ili asome maandishi madogo. Kila mtu anajua kazi iliyoko mbele yake.

Wakati mimi naimba besi kanisani Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimeshaliliwa. Kufikia wakati wa chakula cha mchana nilikuwa na kamati. Mwenyekiti alikuwa binamu yangu. Mweka hazina alikuwa yule jamaa wa Osiri ambaye tumeshindana naye tangu siku nilipoleta mashine yangu, yule aliyewahi kusema mbele za watu kwamba ni chuma chakavu. Huyo ndiye aliyefungua grupu jipya la mazishi, na kwa haraka yake akachukua namba zote za watu wa mashine, akaniingiza na mimi.

Lakini la ajabu lilikuwa Homa Bay. Binti yangu alikuwa zamu. Sabato haikatazi kazi ya kuhudumia wagonjwa, kwa hiyo alikuwa kliniki, na simu yake ilikuwa ikilia kwa shangazi zake mpaka akaiweka kwenye droo. Ndipo wanafunzi wakaanza kuingia. Hawakuja kutibiwa. Walikuja kumpa pole. Wapangaji wangu hao, ambao hawajawahi kuninunulia hata soda, walikuja na mkate na maziwa, wakajipanga kwenye benchi, wakainamisha vichwa. Haya aliyonisimulia ndiyo naandika.

"Sista, pole sana kwa mzee," mmoja akaanza.

"Mzee gani?"

"Landlodi."

"Landlodi yuko Rusinga anaimba."

Wakatazamana. Kijana mwingine akamshika bega taratibu. "Sista, kukataa ni kawaida. Hata mimi shosho, nyanya yangu, akienda nilikataa kuamini mwezi mzima."

"Nani ana ile picha? Ikuze. Soma chini."

Akaikuza. Akasoma kwa sauti.

"Kwa hivyo," akasema msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, "mzee hajaenda, ila kupimwa ni bure?"

Hapo kicheko kikaanza, na binti yangu anasema yeye mwenyewe alishika ukuta. Walicheka mpaka walinzi wa geti wakaja kuangalia ni matanga ya namna gani. Kisha akajifuta macho, akawaambia, "Mkate nimeupokea. Na kwa kuwa mmeshafika na mmeshaketi, nani anatangulia?"

Yule msichana wa mwaka wa mwisho akasimama. "Mimi huogelea sana," akasema, akaingia nyuma ya pazia. Akatoka, akaingia mwingine. Binti yangu hajaniambia matokeo ya mtu hata mmoja mpaka leo, na si kwamba sijamuuliza. Aliniambia tu kwamba dawa za kichocho zilitoka kabatini nyingi siku hiyo kuliko muhula wote, na kwamba kuna waliosema hawana shida yoyote, kisha wakakaa nyuma ya pazia wakiongea mpaka chai ikapoa.

Mimi hayo yote sikuyajua. Jua lilipozama nikawasha simu, ikatetemeka mezani kama samaki kwenye kikapu. Mke wangu alikuwa karibu yangu anakunja shuka. Nikasoma. Nikaendelea kusoma.

"Ni nini?" akauliza.

"Nimekufa."

Akaichukua simu, akaangalia, akanirudishia. "Basi waambie uko hai."

"Ngoja kidogo. Bado wanasema."

Maana walikuwa wanasema vizuri. Niliitwa nguzo. Niliitwa mti wa kivuli. Mtu mmoja wa Migori alikumbuka nilivyomsaidia gari lake lilipokwama kwenye tope, na mimi nilikuwa nimesahau. Na yule mshindani wangu wa Osiri aliandika, kwa mkono wake, kwamba nilikuwa mtu wa maono na mashine yangu ndiyo ilileta maendeleo pale. Nikahifadhi maneno hayo. Yako kwenye simu mpaka sasa, akibisha nitamwonyesha.

Mlango ukagongwa. Alikuwa kaka wa mke wangu, amekuja mbio, kijasho kinamtoka.

"Ora," akaniita, kama tunavyoitana sisi mashemeji, "watu wa kwenu wananipigia wanauliza ulifia wapi. Nimewaambia sijui. Tafadhali, kama unajisikia vibaya, sema sasa tukuvushe mpaka ng'ambo, Mbita. Usifie kwetu."

Sikumlaumu. Kwetu mkwe kufia ukweni ni balaa isiyoisha leo wala kesho. Nikasimama, nikazunguka mara mbili mbele yake ajue miguu inafanya kazi. Kisha nikarekodi ujumbe wa sauti kwa grupu la mazishi. Nikasema, "Mimi ndiye ninayeongea. Niko mzima. Tenti zishushwe, na ng'ombe huyo mliyekwenda kumtazama arudi zizini."

Halafu mshindani wangu akaandika: "Sauti yake ya mwisho. Inaumiza sana." Wengine wakaweka machozi.

Ilibidi nipige video, nikae na mke wangu kando na shemeji nyuma, nile ndizi mbele ya kamera, ndipo binamu yangu akaamini, na hata yeye aliuliza ndizi ile ni ya lini.

Binti yangu akapiga. Nilijiandaa kugombezwa.

"Baba, uko sawa?"

"Niko sawa, na ninapendwa."

"Sikiliza. Leo walikuja watu ambao sijawahi kuwaona. Kila mwanafunzi wa Homa Bay ana picha yako kwenye simu na wote wanataka kujua kama ni kweli. Wewe usijieleze zaidi. Wakitaka kukuona, waje wakuone kwangu."

Akaacha ule ujumbe wa kampasi kuu, akaandika wake, kwa Kiswahili, mistari miwili tu, akaubandika kwenye ukurasa wa kliniki chini ya bango langu. Aliandika kwamba landlodi yuko hai na Jumatatu asubuhi atakuwa kliniki na suti yake ile ile. Anayetaka selfi na marehemu, apimwe kwanza.

Kuna watu husema wazo hilo lilikuwa lake. Sawa. Uso ulikuwa wa nani?

Ujumbe ule ulipita kwenye simu kama moto kwenye nyasi kavu. Walioweka machozi Jumamosi waliweka vicheko Jumapili. Video zilitengenezwa, nikatiwa mabawa, nikatiwa muziki. Jumatatu nilipofika kliniki, kabla hata sijafunga kifungo cha koti, laini ya wanafunzi ilikuwa imetoka kwenye benchi, ikapita geti, ikafika kwa mama wa mandazi.

Binti yangu aliniweka kwenye kiti mlango wa nyuma, ule wa kutokea, ili mtu asinifikie bila kupita kwake. Aliniwekea masharti. Nisimuulize mtu alipimwa nini. Nisimuulize amekutwa na nini. Picha zipigwe nje tu, tena za mimi na yeye, na mambo mengine yabaki nyuma ya pazia. Nikayashika yote, na mimi si mtu wa kushika masharti ya watu.

Kijana mmoja alijaribu kuzunguka nyumba.

"Buda, mimi nataka picha tu, niko na klasi."

"Umepimwa?"

"Mimi niko fiti."

"Hata mimi Ijumaa nilikuwa fiti, na Jumamosi nikazikwa. Rudi kwenye laini."

Akarudi. Wengine walitaka nifumbe macho na kukunja mikono kifuani. Nikakataa. Niliwaambia nimeshachoka kufa, sasa nataka kucheka. Kila aliyepiga picha aliiweka kwenye simu yake pale pale akiwa amesimama, na wenzake waliokuwa darasani wakaiona, na darasa likiisha nao wakaja. Wenye kitu cha kuficha walijificha vizuri zaidi humo, maana katika laini ile hakuna aliyejua nani amekuja kwa kicheko na nani amekuja kwa damu aliyoiona chooni. Wote walikuwa wamekuja kumwona marehemu. Hilo binti yangu alinieleza baadaye, na nikaona ndio uzuri wa kazi yenyewe.

Jua lilikuwa limepanda kiasi gari la chuo liliposimama getini. Akashuka bwana mfupi mwenye faili kwapani na uso wa mtu aliyeamka mapema kwa kazi asiyoipenda. Nilimjua kabla sijaambiwa. Akaja moja kwa moja mlangoni.

"Mzee, laini iko huko nyuma," msichana mmoja kwenye laini akamwambia.

"Mimi ni mkuu wa huduma za afya."

"Na yule pale alikuwa marehemu, na bado amekaa anangoja. Nyuma, mzee."

Wakacheka, lakini hakuna aliyempa nafasi. Bwana yule akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaenda nyuma. Ningeweza kumsaidia. Sikumsaidia. Alikuwa ametoka mbali kuangalia kama kuna watu, na hakuna mahali pa kuwaona watu vizuri kama katikati yao. Alisogea pole pole na faili lake, na vijana wakamwonyesha simu zao, wakamweleza sharti la selfi, wakamwuliza kama yeye pia huogelea.

Alipofika ndani, dirisha lilikuwa wazi, nikasikia.

"Anayefuata. Keti. Mkono."

"Sista, ni mimi."

"Najua, daktari. Mkono."

Mashine ya presha ikavuta pumzi, ikaachia. Nilisikia faili likiwekwa mezani.

"Lile bango nani aliidhinisha?"

"Hakuna, daktari."

"Maua yaondolewe."

"Ndiyo."

"Na mawingu." Nadhani alikuwa anaangalia laini kupitia mlangoni. "Ile mashine ya photocopy nitawaambia waipeleke maktaba. Nikirudi ofisini nitaagiza dawa zaidi. Hizi ulizo nazo hazifiki Jumatano."

Nikasikia binti yangu akijibu kwa sauti yake ya kazini. "Asante, daktari. Presha yako imepanda kidogo. Punguza chumvi, na upite tena mwezi ujao. Anayefuata."

Yule bwana akatokea mlango wa nyuma, mkono mmoja wa shati bado umekunjwa. Akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia viatu mpaka tai. Halafu akanyoosha tai yake, akampa simu mwanafunzi aliyekuwa karibu, akakaa kando yangu kwenye ukingo wa kiti.

"Nimepimwa," akasema.